Mkono Uliopiga Cheche

Mguu niliuvunja nikimkimbiza jogoo. Naanza na hilo kwa sababu baadaye watu walisema nilianguka kutoka juu, na bibi wa umri wangu akisemwa ameanguka kutoka juu, hakuna anayeuliza juu ya nini. Sikuanguka kutoka juu. Nilikuwa kwangu, upande wa Ilongero, mwezi wa sita, uwele nimeuanika uani kwenye turubai, jogoo akaingia. Nikamfuata na fagio. Nikakanyaga vichwa vya alizeti tulivyokwisha kuvipiga, vile vikikauka vinateleza kuliko sabuni, nikaenda chini kwa ubavu. Nikashindwa kuinuka. Jogoo akarudi, akala uwele mbele ya macho yangu mpaka akatosheka. Mimi namtazama, yeye ananitazama. Hata kumchinja sikupata nafasi, maana mwanangu alikuja kunichukua siku ile ile, na sijui yule jogoo aliishia kwenye sufuria ya nani.

Hospitali wakanifunga hogo, lile gumu jeupe, kutoka pajani mpaka vidoleni. Wakasema miezi mitatu, nisikunje goti. Mwanangu akanipeleka kwake Mwankoko. Yeye ni fundi wa kujenga, nyumba yake ina vyumba vitatu, akanipa kile cha wageni.

Nikieleze hicho chumba vizuri, maana shida yote ilitoka humo. Chini kuna vigae. Mwanangu akaona mama atapata baridi, akatandika zulia jekundu la nailoni, nene, linafika karibu na mlango, pale mlangoni ikabaki sehemu ndogo ya vigae. Kitanda kina godoro ambalo bado lina nailoni yake ya dukani. Ukigeuka linalia kama mtu anatafuna karanga. Nikamwuliza mwanangu, mbona hili godoro hamjalivua nguo yake? Akasema, "Mama, likikojolewa je?" Aliyekuwa akikojoa ni yeye, mgongoni kwangu, miaka miwili. Juu ya godoro blanketi la manyoya lenye picha ya chui. Mwilini sweta la mitumba, laini, sijui limefumwa kwa kitu gani, si sufu na si pamba. Na kiti cha plastiki. Wote waliomo humo walikuwa wageni, pamoja na mimi.

Dirisha lilikuwa na nondo, na nje ya nondo kuna ukuta wa jirani wa matofali ya saruji. Nilikuwa naona matofali. Niliyahesabu mpaka nikayachukia. Juu kabisa kulikuwa na mstari wa mbingu wenye upana wa mkanda, na kwa mstari huo ndio nilijua leo upepo upo, maana vumbi lilikuwa linapita pale. Kwetu kipupwe hakina mchezo. Midomo inapasuka, ngozi ya mkono inakuwa nyeupe kama umeshika unga, hata kinyesi cha ng'ombe kinakauka kabla ng'ombe hajaondoka. Hapo natia chumvi kidogo.

Magongo yalinishinda. Kwa hiyo nilijikokota kwa makalio juu ya zulia, mikono nyuma, hogo mbele, mguu mzima unasukuma. Kutoka kitandani mpaka mlangoni zilikuwa kama hatua sita za mtu mzima. Mimi zilinichukua muda wa kuchemsha chai. Na siku ya kwanza nilipofika mlangoni nikainua mkono kushika kitasa cha chuma, nikasikia tak! Kama siafu ameuma ncha ya kidole. Nikatazama, hakuna siafu. Nikasema moyoni, haya, uzee una mambo.

Ikaendelea. Nikigusa kitasa, tak. Nikigusa kijiko, tak. Mwanangu akinishika mkono kuninyanyua, tak, anaruka. Tukacheka. Alisema, "Mama, umekuwa na nguvu kuliko jenereta." Wakati huo ilikuwa ni kicheko tu.

Wiki ya pili mkwe wangu, mke wa mwanangu, akajifungua. Mtoto wa kiume, wa kwanza kwao. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akaja kutoka Mgori kumwangalia mzazi, maana mimi sikuwa wa kumwangalia mtu.

Sasa katika ukoo wa marehemu kuna jambo moja. Mtoto wa kwanza hatolewi nje ya mlango mpaka bibi mzaa baba amguse utosi kwa kidole chenye samli, pale palaini panapopumua, akimwita kwa jina la babu yake. Akishaguswa anatoka, mama anatoka, wanaweza kwenda kokote. Bila hivyo wote wawili wamo ndani. Bibi mzaa mama hawezi kufanya. Shangazi hawezi. Kama bibi amekufa kuna njia yake, lakini bibi akiwa hai ni yeye tu. Mwanangu ni mtu wa kanisani, anaimba kwaya, lakini kwenye hilo hakubishana na mtu. Utosi wa mtoto ni utosi wa mtoto.

Siku ya saba wakaniletea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimejifunika lile blanketi, nimetoka kujikokota mwenyewe toka kitandani kwa furaha. Mkwe akasimama mbele yangu na mtoto, wifi ameshika kibakuli cha samli. Nikachovya kidole. Nikakisogeza kwenye utosi.

Tak!

Niliiona kwa macho. Kitu kidogo cha rangi ya buluu kikaruka toka kidoleni kwangu kabla sijamgusa mtoto. Mtoto akalia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtoto wa siku saba. Mkwe akamvuta kifuani kama unavyonyakua kifaranga mbele ya mwewe, samli ikabaki imepakwa mkononi kwake yeye. Jina la babu nilikuwa sijalitaja.

Hakuna aliyecheka. Wifi akaweka kibakuli chini taratibu. Akasema, "Wifi, nini hicho?"

"Sijui."

"Hujui, na kimetoka kwako?"

Kuanzia siku hiyo mtoto hakuletwa tena. Nilimsikia tu, chumba chao kinapakana na changu. Nikajua kilio cha njaa na kilio cha tumbo na kile cha kutaka tu kubebwa. Mtu unaweza kumjua mtoto kwa masikio, na si kujisifu, nilikuwa najua anataka nini kabla ya mama yake. Nikigonga ukuta kusema mgeuze, mlaze kifudifudi, wifi ananijibu kutoka korido, "Tumesikia, wifi. Pumzika."

Mwanangu alisema ni umeme. Nyumba imevuja umeme, waya umeguswa na maji au panya amekula. Akamleta fundi umeme, kijana mwembamba mwenye mkanda wa vifaa kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kunizima?"

Akacheka. Akapita kila soketi na bisibisi yake yenye taa, akagusa nondo za dirisha, akagusa kitasa. Hapa hakuna kitu, hapa hakuna kitu. Mwishowe akaenda koridoni akazima swichi kubwa ya nyumba nzima, nikasikia friji imenyamaza. Akarudi. "Haya bibi, sasa njoo mpaka mlangoni kama unavyokuja siku zote."

Nikajikokota. Akaninyooshea koleo lake la chuma, niliguse. Tak! Koleo likaanguka kwenye vigae, na fundi akawa yuko koridoni.

"Bibi! Umeme nimezima kwa mkono wangu!"

Wifi alikuwa amesimama palepale. Akasema polepole, kama mtu anayemsemesha shahidi, "Umesikia, baba? Umeme umezimwa."

"Nimesikia shangazi," mwanangu akasema.

Fundi akaokota koleo lake. "Mimi nashughulika na umeme wa kwenye waya," akasema. "Huu wa bibi sikuusomea." Lakini hakutaka kuondoka bila kutoa dawa, mafundi wako hivyo. Akasema sisi tukipanda nguzo tunavaa raba, umeme haupiti kwenye raba. Mvalisheni bibi raba.

Jioni ile mwanangu akaja na kandambili za raba nene, na kipande cha mpira wa kutandika pale mlangoni kwenye vigae. Nikavaa kandambili mguu mzima, mpaka kitandani nalala nayo. Na ikazidi. Kama zamani ilikuwa inapiga mara chache kwa siku, au siku nyingine isipige, sasa ikawa kila nikigusa kitu. Sufuria, tak. Kikombe cha bati, tak. Redio ndogo niliyoletewa ilikwaruza nikiisogelea. Mwanangu akaacha kuninyanyua kwa mkono, akawa ananivuta kwa kanga, ameizungusha kama kamba. Mwanangu niliyemzaa.

Na majirani wakajua. Mji ukitaka kujua jambo haupigi hodi. Walipokuja kunijulia hali walisimama koridoni. "Shikamoo bibi, unaendeleaje?" Marahaba, naendelea. Mikono wameikunja kifuani. Kwetu mtu akikusalimia bila kukupa mkono kuna sababu, na wewe unaijua sababu. Hakuna aliyelitaja lile neno. Wifi alisema tu kwamba mkono wangu umekuwa mzito. Halafu mama mmoja akamwuliza, nikasikia kwa masikio yangu, "Huo mguu alivunjikaje? Alianguka kutoka wapi?" Wifi akakawia kujibu. Kukawia tu, basi.

Mimi nimeona bibi mmoja, si mbali na kwetu, alianza kwa kusemwa macho yake mekundu. Ni moshi wa kuni, kila mwanamke aliyepika miaka hamsini ana macho mekundu. Nyumba yake iliungua mchana, watu wamesimama. Yeye alikuwa amekwenda kisimani, ndiyo pona yake. Hakurudi hata kuchukua mtungi. Kwa hiyo niliposikia wifi anakawia kujibu, nilitazama zile nondo za dirisha. Nilizitazama kwa muda mrefu. Mwanangu aliziweka kuzuia wezi wasiingie, na amezichomelea vizuri, ni fundi.

Basi nikaomba kazi. Nilimwambia mkwe kupitia mlangoni, nipe hata maharage nichambue, nitakufa humu. Akaniletea uwele niliokuja nao kutoka nyumbani, debe moja lenye pumba. Akaliacha kwenye kizingiti, akalisukuma ndani kwa mguu, akasema, "Samahani mama." Ungo hawana, watu wa mjini hawana ungo. Akanipa sinia la plastiki la buluu.

Nikakaa sakafuni nikapepeta. Ikanishinda. Mimi nimepepeta tangu sijaota matiti, na sinia lile lilinishinda. Unarusha, unapuliza, uwele unarudi vizuri lakini pumba haziendi, zimeganda kwenye sinia. Nikaligeuza kichwa chini. Uwele ukaanguka wote mapajani, pumba zikabaki zimening'inia kule juu kama popo. Nikasema, ninyi nanyi?

Nikasogeza kidole. Kapumba kamoja kakaruka kwenye kidole, kakatulia, kakaruka kurudi kwenye sinia. Sikukagusa! Nilikuwa mbali upana wa punje. Nikasogeza tena. Kakaruka tena.

Niliacha kazi nikacheza. Nisione haya kusema, nilicheza kama mtoto mchana mzima. Nikalifuta sinia kwa kanga yenye maji, nikalikausha kidogo, pumba zikaanguka kama pumba za kawaida. Nikalisugua kwa lile blanketi la chui, chap chap, kama unayeng'arisha kiatu, nikaliweka juu ya pumba: zikaruka juu zenyewe, kabla halijazifikia. Nikalisugua kwa kanga ya pamba: kidogo sana. Kwa sweta: nyingi. Nikapasua kipande cha mfuko wa nailoni, nikakivuta katikati ya vidole na sweta, kikaja kikanigandia mkononi kikakataa kutoka. Nikinyunyiza maji, kila kitu kinanyamaza.

Miaka yote nimepepeta kwa ungo wa matete, sijaona pumba ikirukia mtu. Basi si pumba, na si mkono. Ni hawa ndugu wa dukani, nailoni na manyoya. Vikisuguana, kimoja kinamwibia mwenzake kitu, sijui kitu gani, mimi shule niliishia kisomo cha watu wazima, lakini kinaibwa, na kikishaibwa kinatafuta njia ya kurudi. Kikipata unyevu kinarudi taratibu, huna habari nacho. Kukiwa kukavu kinakaa, kinajaa, mpaka kikipata chuma au mtu mwingine kinaruka kwa pamoja. Hiyo ndiyo tak.

Na mimi nilikuwa nafanya nini kutwa? Najisugua. Nailoni ya godoro chini, manyoya juu, nageuka nageuka, halafu nashuka nakokota makalio na sweta kwenye zulia hatua sita, nikifika mlangoni nimejaa kama kiriba. Zamani mguu wangu mzima ulikuwa unakanyaga vigae vya pale mlangoni, mkwe akiwa ametoka kupiga deki, na kile kitu kinaondokea hapo, ndiyo maana siku nyingine sikupiga. Halafu wakanivalisha raba! Wameniziba tundu la mwisho. Nilicheka peke yangu mpaka hogo likaniuma.

Nikajijaribu mwenyewe siku mbili, ili nisiwe mjinga. Nilivua sweta nikabaki na kanga ya pamba, nikalowanisha nyayo kwa maji ya kunywa, nikavua kandambili, nikausukuma ule mpira wa mlangoni, nikakanyaga vigae. Nikagusa kitasa. Kimya. Nikarudi kwenye blanketi, nikajigeuza mara kumi, raba mguuni, nikaja. Tak. Tena kimya. Tena tak. Kidole kikavimba. Mpaka nikawa ninaweza kusema, sasa itapiga, na inapiga. Sasa haitapiga, na haipigi.

Na sikumwambia mtu.

Hapa nataka niseme ukweli kwa sababu hakuna faida ya kuandika uongo umri huu. Nilikaa siku nne najua na sikusema. Mkwe wangu kwao ni Iramba. Tangu ajifungue alikuwa anasema, mtoto akishaguswa tu naenda kwa mama yangu, mama yangu haoni vizuri, nataka amwone mjukuu kabla macho hayajafunga. Ilikuwa imepangwa. Kwa hiyo kidole changu kikigusa ule utosi, kesho yake nyumba tupu. Mwanangu anakwenda kazini alfajiri. Wifi anarudi Mgori. Mimi na matofali. Lakini nikiwa napiga tak, mtoto yupo, ukuta unalia, mtu ananisukumia chakula kwa mguu, ndiyo, lakini yupo. Nilipima jina baya kwenye mkono mmoja na kilio cha mtoto kwenye mwingine, na siku nne nilichagua kilio. Kuogopa niliogopa. Lakini kuna upweke unaoshinda hofu, na asiyeujua asinihukumu. Au anihukumu, sawa tu.

Siku ya tano mkwe alileta uji, hakuusukuma. Akakaa chini koridoni, mgongo kwenye ukuta, mlango uko wazi, mimi ndani yeye nje. Mtoto amelala mgongoni kwake. Ilikuwa siku ya hamsini na kitu tangu ajifungue, mwenyewe alikuwa anahesabu.

"Mama," akasema, "wewe ulikaa ndani siku ngapi, kwa huyu baba yake?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia. Nilikaa sabini na mbili. Mama mkwe wangu alikasirika kwa sababu niliunguza mlenda siku ya wageni, akasema kidole chake kinauma, hawezi kugusa utosi. Kila siku kidole kinauma. Analima kwa kidole hicho, anakamua ng'ombe kwa kidole hicho, kwa mtoto kinauma. Mimi ndani ya tembe, giza, moshi, msichana wa miaka kumi na saba, nasikia wenzangu wanapita kwenda kuchota maji wanacheka. Nilitoboa tundu kwenye ukuta wa udongo kwa msumari ili nione nje.

"Kilikuwa kinamuuma kweli?" akauliza.

"Hakikuwa kinamuuma."

Halafu akasema, bila hasira, anatazama mikono yake, "Na mimi sioni nje, mama. Dirisha letu na lako ukuta ni mmoja."

Uji ulikuwa mkononi kwangu. Nikauweka chini.

"Mwanangu, niletee lile sinia."

Nikamwonyesha yote. Pumba, blanketi, nailoni, maji. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili, akasema, "Hiki tulisoma! Mwalimu alisugua kalamu kwenye nywele!" Halafu akakasirika kwamba amesahau. Nikamwambia pia kwamba nimejua tangu Jumatatu. Akaniangalia. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye akasema, "Tangu Jumatatu," basi, na nikaona ameiweka mahali.

Lakini kuzielewa pumba si kumtoa mwanao. Akasema, "Kwanza mimi." Akanyoosha mkono. Nikalowanisha mguu, nikakanyaga vigae, nikamshika. Kiganja chake kilikuwa na jasho. Hakikupiga. Hatukuachiana haraka. Tangu siku ya raba hakuna mtu aliyekuwa amenishika kwa mkono.

Tulipowaonyesha mwanangu na wifi zile pumba, wifi akaja na shida yake. Mkwe alitaka kugusa utosi tukufanyie uani, mimi nikae juu ya udongo mtupu, miguu kwenye ardhi mbichi, ndipo hatahofu. Wifi akasema, "Nyie mna wazimu? Mtoto hatoki kabla ya kuguswa, na nyie mnataka aguswe nje?"

"Basi bibi akae nje, mtoto abaki ndani," mwanangu akasema.

"Halafu mkono upite kwenye mlango kama mwizi? Kidole kiwe ndani na mwenye kidole ndani."

Tukabishana asubuhi nzima. Mwisho mimi nikasema, wifi, mlango una pande ngapi? Nikae kwenye kizingiti cha mlango mkubwa. Makalio na mwili wangu ndani, miguu nje. Wifi akaja akatazama kizingiti kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema, "Mgongo usivuke ule mstari."

"Hautavuka."

"Ukivuka mimi simo."

Wakanibeba kwenye kigoda cha mti. Kanga ya pamba, sweta nimelivua, baridi imenishika mpaka meno. Mwanangu akamwaga ndoo ya maji pale nje, udongo ukawa tope jekundu, nikatia mguu mzima mpaka kifundoni. Hogo limenyooka nje kama bomba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona barabara tangu mwezi wa sita. Kulikuwa na mbuzi, na bodaboda wanaelekea mjini, na mwanamke amebeba viazi. Majirani walisimama kwenye ua wao. Sikuwasalimu. Kwanza kazi.

Mkwe akaja nyuma yangu, ndani, akapiga magoti ubavuni kwangu na mtoto. Kwanza akanigusa shingo kwa kidole chake, kunipima. Hakuna. Akanigusa tena. Wifi akaleta samli, akaninyooshea kibakuli kwa urefu wote wa mkono, uso ameugeuza pembeni, kumbe na yeye aliogopa kweli, si ubaya tu. Nikachovya. Nikashikilia kidole juu ya ule utosi, naona unavyopumua, juu chini, juu chini. Nilisita. Siku nne zile zilikuwa zimerudi zote kwenye kidole, na mkwe aliniona ninavyosita.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamgusa. Hapakuwa na sauti yoyote. Nikamwita jina la babu yake, nikamwita tena, mtoto hata hakuamka, alikunja uso kidogo kwa sababu samli ilikuwa baridi.

Mlango nilikuwa nimeuziba mimi. Kwetu mtu havuki miguu ya mkubwa, hata mlevi anajua hilo. Mwanangu alikuwa anainama aninyanyue anitoe njiani. Mkwe hakungoja. Aliinua kanga yake, akavuka hogo langu, akavuka na mguu wangu ulio kwenye tope, akatoka. Wifi akashika mdomo. Yeye akatembea mpaka katikati ya ua, penye jua, akamfunua mtoto uso.

Alisafiri Alhamisi. Kabla ya kuondoka alikuwa anafunga mizigo mbio mbio, gari la Kiomboi halisubiri, mikono haimtoshi. Akaingia chumbani kwangu. Zulia walikuwa wamelitoa, nailoni ya godoro wameichana. Hakunipima kwanza. Alimlaza mtoto mapajani kwangu akatoka kwenda kufunga begi.

Alikuwa mzito kuliko nilivyomdhani kwa kumsikia. Ana kovu dogo la ukucha kwenye shavu, amejikuna mwenyewe. Alifungua macho akatazama kidevu changu, na mimi nikamwambia mambo fulani kwa Kinyaturu ambayo hayamhusu mtu. Bodaboda ikapiga honi nje, ikapiga tena. Mkwe akaja mlangoni, begi begani, amenyoosha mikono miwili.

Nikampa.